Mwaka 2014, wa Nani?

Hapa Dessie, mji wetu wa milimani, kompyuta ikiumwa dawa yake ni moja tu. Ikiganda, ipige fomati. Ikichelewa kuwaka, ipige fomati. Ikipiga kelele kwa sababu mende amefia kwenye feni, ipige fomati, yaani futa kila kilichomo ianze upya kama mtoto mchanga, na mwenyewe utajua pa kwenda kulilia. Nina miaka hamsini na minane na sijaona ugonjwa mwingine unaotibiwa kwa kumfuta mgonjwa.

Ndiyo maana nataka kumsimulia Zerfeshiwal, fundi na jirani yangu, kwa sababu wengine hawamsimulii, na wakimtaja wanasema ni mama mpole anayechelewesha kazi. Mpole! Hawajamwona.

Mimi na Zerfe tulikuwa wapiga chapa katika ofisi moja ya serikali. Siku mashine za chapa zilipobebwa kwenda stoo, mimi nilibebwa pamoja nazo, nikapewa barua ya shukrani na kurudishwa nyumbani. Yeye alisimama mbele ya kompyuta ya kwanza iliyoletwa akauliza, "Hii inafunguliwa na bisibisi gani?" Wanaume wa ofisi walicheka mpaka wakashika mbavu. Akaomba moja iliyokufa, akaileta kwenye ua wetu, akaifungua juu ya ungo uleule aliokuwa akichagulia dengu, akaipanga kipande kwa kipande. Iliwaka baada ya miezi miwili. Wale waliocheka leo ndio wanaomletea kompyuta za wajukuu zao.

Chumba chake kinatazamana na changu. Ana meza yenye kitambaa cha plastiki, bisibisi mbili, brashi ya kupakia rangi, raba ya shule na daftari. Ukimletea kompyuta haigusi. Anakumiminia kahawa kwanza, halafu anakuhoji. Inaganda unapofanya nini? Mara tu ukiiwasha, au baada ya saa nzima? Ikiganda, kile kishale bado kinatembea? Unasikia kitu kinagonga ndani, tik, tik? Ukisema inaganda baada ya saa nzima, anajua ni joto, anafungua na kupiga brashi vumbi lililoziba feni. Ukisema inaganda palepale, anachomoa ule ubao mdogo wa kumbukumbu na kuusugua meno kwa raba. Ukisema taa ya diski haizimi na kila kitu kinatambaa, anatazama diski imejaa kiasi gani, maana diski iliyojaa pomoni haina pa kuweka mguu. Na hapo ndipo anapowachosha watu. Hafuti kitu mpaka mwenyewe aketi ubavuni pake akitaje. "Hiki ni nini? Nikifute? Una hakika?" Kuna bibi harusi aliketishwa kwa muda wa saa nne akitaja picha moja moja. Alitoka amekunja uso, lakini picha zake anazo mpaka leo.

Mwaka huu, mwezi wa Sene, mvua kubwa zikikaribia, Zerfe alikwenda mji wa Woldia kumzika shangazi yake. Alikaa siku nane. Asiyekuwepo na lake halipo.

Alhamisi asubuhi aliporudi, hajavua hata shuka la safari, Mwalimu Lisanework aliingia uani. Mtu huyu alifundisha jiografia miaka thelathini na minne. Jina lake maana yake ni Ulimi wa Dhahabu, na kweli darasani sauti yake ilikuwa ikisikika mpaka kwa wauza mkaa. Alipostaafu hakutulia. Sekondari yetu ina wanafunzi wasioona, na vitabu vyao vya kusomwa kwa vidole ni hadithi tu, vinaahidiwa kila mwaka. Basi Mwalimu alinunua kipaza sauti, akawa anasoma vitabu vya shule nyumbani kwake, kila siku saa moja asubuhi kabla mafundi bati wa jirani hawajaanza kugonga. Miaka minne, masomo mia nne na kumi na mawili, yote kwenye kompyuta yake ya mezani. Wanafunzi walikuja na kadi zao ndogo za kumbukumbu za simu kunakili. Kadi hazina nafasi, kwa hiyo walinakili ya mwezi huu wakifuta ya mwezi uliopita. Mwezi wa Tir, miezi mitano kabla ya msiba ule, madaktari walimtoa Mwalimu uvimbe kooni, na sauti ikaondoka nao. Sasa ananong'ona. Ukitaka kumsikia unasogeza sikio.

Tulisogeza masikio.

"Zimekwisha," alisema.

"Nini kimekwisha, Mwalimu?" Zerfe aliuliza.

"Sauti. Zote. Mtihani wao ni siku tisa zijazo, na Jumamosi wanakuja kunakili mwaka mzima wa marudio." Akapumzika. "Ilikuwa inaganda kila nikinakili. Hukuwepo. Nikaipeleka dukani kwa fundi Kaleab. Sasa haigandi."

Zerfe alisimama. "Kompyuta iko wapi?"

"Nyumbani. Imewaka, naitafutatafuta humo."

"Imewaka!" Sijawahi kumwona mwanamke wa umri wetu akikimbia hivyo kupanda mlima wa Dessie. Alifika kwa Mwalimu, akaingia bila kubisha hodi, akachomoa waya ukutani kwa mkono mmoja. Mke wa Mwalimu alidhani nyumba inaungua.

"Nisikilizeni," alisema akihema. "Kilichofutwa hakijaondoka. Kompyuta imebandua jina la mlangoni tu, mwenye nyumba bado yumo ndani mpaka mpangaji mwingine aingie. Kila dakika ikiwaka, wapangaji wanaingia. Asiiwashe mtu. Hata kutazama saa."

Akaomba karatasi aliyopewa Mwalimu dukani. Nilimsomea mimi, miwani yake ilikuwa imebaki kwenye mfuko. Betri ndogo ya ndani imebadilishwa. Tarehe imerekebishwa. Faili za zamani ambazo hazijaguswa kwa zaidi ya miaka saba zimefutwa, na pipa la taka limemwagwa. Filamu arobaini zimewekwa, zawadi kwa mteja.

"Filamu arobaini," Zerfe alisema. Akaketi kitandani kwa Mwalimu. "Wapangaji arobaini, na mizigo yao."

Mimi nikauliza swali la mpumbavu, na nashukuru niliuliza. "Miaka saba? Mwalimu ameanza kusoma juzijuzi tu. Miaka saba imetoka wapi?"

Zerfe alinitazama, halafu akatazama kalenda ya kanisa iliyotundikwa ukutani, halafu uso wake ukabadilika. "Twende dukani," alisema.

Duka la Kaleab liko Piazza, katikati ya mji, lote vioo, lina kiti kinachozunguka na picha ya kijana wa kizungu anayetabasamu na kompyuta. Kaleab mwenyewe ni kijana mtanashati, ana salamu nzuri, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Kulikuwa na wateja watano. Mwalimu alibaki ameegemea mlango.

"Mama Zerfe! Pole sana kwa msiba."

"Nimepoa, mwanangu. Ulimfutia nini Mwalimu?"

"Takataka, Mama. Gigabaiti tisini nzima za takataka! Diski ilikuwa imefura, haina hata pa kupumulia, ndiyo maana ikaganda. Nimeisafisha, sasa inakwenda mbio kama mbuzi."

"Takataka gani?"

"Sauti sauti tu. Za mwaka 2014, 2015, mpya kabisa ilikuwa ya 2017. Leo tuko 2025, Mama. Nani amezigusa miaka yote hiyo?"

"Mwaka 2014 wa nani?"

"Wa nani vipi?"

"Nakuuliza, wa nani? Wetu, au wa ferenji?"

Wateja wakageuka. Hata mimi ndipo nilipoelewa. Mwaka huo wa 2025 ni wa ferenji, ndivyo tunavyowaita wazungu. Sisi kwenye kalenda yetu tulikuwa 2017. Tuko nyuma yao miaka saba, au minane kutegemea mwezi, na hatuna haraka. Betri ndogo ya kompyuta ya Mwalimu ilikufa zamani, kwa hiyo kila umeme ulipokatika kompyuta ilisahau tarehe, na Mwalimu akaiandikia upya kwa mkono wake. Akaandika mwaka anaoujua. Kila somo alilosoma likapigwa muhuri wa mwaka wetu. Kisha akaja huyu, akaweka betri mpya na tarehe ya ferenji, na kwa siku moja kazi ya juzi ikawa kuukuu.

Kaleab alikizungusha kiti chake.

"Wewe umezaliwa mwaka gani?" Zerfe alimwuliza.

"Themanini na tisa."

"Wa nani?"

Mteja mmoja alicheka puani. Kaleab akashika shingo yake. "Wetu," alisema.

"Aha. Umri wako unauhesabu kwetu, uwe kijana. Kazi ya mzee unaihesabu kwa ferenji, iwe takataka."

"Sasa mimi ningejuaje, Mama? Kompyuta ndiyo iliyosema hivyo!"

"Ungemwuliza mwenyewe."

"Nilimwuliza! Nilimwuliza, haki ya Mungu. Akafanya pssss, pssss, sikusikia kitu. Na wateja walikuwa wengi."

Mimi nilikuwa nimekwenda kusindikiza tu. Lakini hapo nilipiga meza yake mpaka kikombe chake kikaruka. "Hukusikia! Una masikio mawili mazima, una kiti kinachozunguka, ukashindwa kuinama? Kuna watoto wasioona wanaomsikia mtu huyu vizuri kuliko wewe! Unajua alikuwa anakwambia nini? Alikuwa anakwambia usiguse!"

Niligeuka kumtazama Mwalimu. Alitikisa kichwa, ndiyo, ndicho alichosema. Halafu akatazama chini, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa adabu.

"Jamani, angalau haigandi tena," alisema Kaleab.

Nasema ukweli, kama Zerfe asingenishika mkono ningemtupia kile kikombe. Haigandi tena! Nyumba iliyokombwa na wezi nayo haina msongamano. Watu hawa wanataka mashine iende mbio, na inabeba nini hawaulizi. Na anajiita fundi, na kwenye kioo ameandika kwa herufi kubwa "Tunajali". Ukiona vyaelea, vimeundwa, lakini huyu akiona vyaelea anavizamisha ili maji yaonekane safi.

Nilitegemea Zerfe atamalizia. Wapi! Alimwomba Kaleab jina la ile programu aliyotumia kusafishia, akaliandika kwenye daftari lake, akasema asante, tukaondoka. Njiani nilimlaumu. Ungempasha! Akaniacha nibwate mpaka nikachoka.

Mchana huo alichomoa diski ya Mwalimu, akaiunganisha kwenye kompyuta yake kama diski ya pembeni, isomwe tu, isiandikwe. Kisha akaweka programu ya kuchimbua vilivyofutwa. Inakwenda taratibu kama mtu anayetafuta sindano kwenye zulia, kipande kwa kipande. Umeme ulikatika mara mbili, lakini ana betri ya gari chini ya meza kwa ajili ya shida kama hizo. Sisi tulikaa tukitafuna shayiri ya kukaanga na kutazama mstari wa kijani ukisogea.

"Mbona hukumpasha?" nilimwuliza tena.

"Etaferahu, niache."

"Sikuachi. Mpumbavu yule anatuharibia mji."

Aliweka bakuli chini. "Mwaka juzi nilikwenda kwa Mwalimu kusafisha feni. Nikaiona ile tarehe. Nikamwambia, Mwalimu, betri imekufa, ninunue mpya? Akaniambia, kompyuta hii inakaa nyumbani kwangu, itafuata kalenda ya nyumbani kwangu. Unajua nilifanya nini?"

"Ulifanya nini?"

"Nilicheka. Nikasema umesema kweli, nikafunga kifuniko, nikaenda zangu. Mimi najua tarehe ikikosewa inakuwaje. Nilijua. Ila maneno yake yalinifurahisha." Akafuta macho kwa pindo la shuka, kwa hasira, si kwa upole. "Kumpasha Kaleab ni rahisi. Nani atanipasha mimi?"

Nilimsogezea bakuli la shayiri. Lakini sikubali mpaka leo kwamba makosa yao yanalingana. Mmoja alicheka na mwenyewe akiwepo. Mwingine alifuta na mwenyewe akiwa anamkataza.

Ijumaa jioni mstari ulifika mwisho. Masomo mia tatu themanini na tisa yalikuwa mazima. Ishirini na matatu yalikuwa yameliwa na zile filamu. Ukiyafungua yanatoa mlio kama mafuta yanayochemka. Na yale mazima hayakuwa na majina, kwa sababu majina ndiyo yaliyofutwa kwanza. Yalikuwa namba tupu kuanzia moja.

"Kuyasikiliza yote tuyape majina ni wiki mbili," nilisema.

"Tuna siku nane," alisema Zerfe. "Na hata hizo si zetu, ni za watoto za kusoma."

Jumamosi saa tatu wanafunzi walikuja nyumbani kwa Mwalimu, watatu, wameshikana mabega. Aliyetangulia alikuwa Seada, binti wa muuza kamba wa soko la Jumatatu, msichana mwenye kidevu cha ubishi. Zerfe alikuwa amerudisha diski, kompyuta imewaka, na yeye mwenyewe aliwaeleza yaliyotokea bila kupunguza, pamoja na kicheko chake. Walimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo yapo ila hayana majina?" Seada aliuliza.

"Hayana majina, mwanangu."

"Piga la kwanza."

Zerfe akapiga. Kabla Mwalimu wa kwenye kompyuta hajamaliza sentensi, mmoja wa wavulana akasema, "Darasa la kumi, sura ya pili, mmomonyoko wa udongo."

La pili. "Udongo tena, sehemu ya tatu," alisema Seada. "Hapo ndipo jogoo alipoingilia."

Jogoo akawika. Nilishika mdomo.

Walikwenda hivyo asubuhi nzima, mimi nikiandika majina, Zerfe akiyabandika. Mengine walihitaji neno moja tu. Mengine waliyajua kwa pumzi ya Mwalimu kabla hajaanza kusema. Saa kumi jioni mia tatu themanini na tisa yalikuwa na majina, na kadi mpya kubwa alizonunua Zerfe zilikuwa zinajazwa. Hayo ndiyo yaliyoitwa sauti sauti tu.

Ikabaki orodha ya yaliyokufa. Mengi yalikuwa ya darasa la mwisho, mito na maziwa, ambayo mtihani hauyaachi kamwe. Mwalimu alichukua kitabu, akasogea kwenye kipaza sauti, akajaribu. Alivuta pumzi, akasukuma. Kwenye kioo cha kompyuta mstari wa sauti haukuinuka hata kidogo. Akajaribu tena, mishipa ya shingo ikamtoka. Mkewe akasema, "Basi, baba. Basi."

"Lipi limepotea?" aliuliza Seada.

"Mito ya Bonde la Ufa," nilisema.

"Nisogezeni."

Alikaa kwenye kiti cha Mwalimu. Zerfe akabonyeza kurekodi. Msichana yule akaanza kusoma bila kitabu, kwa mpango uleule wa Mwalimu, anakazia palepale, ananyamaza palepale. Mwalimu alifungua kitabu na kufuata kwa kidole, mstari kwa mstari. Ukurasa mzima hakuinua kidole. Ukurasa wa pili pia. Kisha Seada akasema, "Mto Awash haufiki baharini. Humwaga maji yake katika Ziwa Abaya."

Mwalimu aliinua mkono. Seada hakuuona, bila shaka, kwa hiyo Mwalimu akamgusa bega. Akainama sikioni kwake. "Abbe," alinong'ona. "Ziwa Abbe."

"Hapana, Mwalimu. Ulisema Abaya."

"Kitabu kinasema Abbe."

"Wewe ulisema Abaya. Wote tunajibu Abaya." Wavulana wakaitikia kwamba ndiyo, ni Abaya, walijibu hivyo hata kwenye jaribio la muhula.

Mwalimu akarudisha kidole kwenye ule mstari. "Basi nilikosea mimi," alisema. "Miaka miwili nimewafundisha kosa."

Baadaye jirani mmoja aliposikia habari hii aliniambia, unaona, kila baya lina jema lake, kama lisingefutwa kosa lisingeonekana. Nilimfukuza uani. Kosa la Mwalimu lingesahihishwa na Mwalimu kwa sauti yake mwenyewe, kama mtu angeinama kumsikia. Kaleab simpi shukrani, na yeye asizidai kwangu.

Seada hakuguna wala hakucheka. Alisema, "Tuanze upya basi. Mama Zerfe, futa hii."

Zerfe hakugusa kitu. Alimtazama Mwalimu. Mwalimu alitikisa kichwa kukubali, na ndipo alipofuta.

Akabonyeza tena. Seada akarudi mwanzo, Bonde la Ufa, kutoka kaskazini kwenda kusini. Mwalimu alikuwa ameweka kitabu chini. Midomo yake ilikuwa inakwenda pamoja naye, neno kwa neno, bila sauti, na walipofika kwenye mto Awash wote wawili walisema Abbe, lakini kipaza sauti kilimsikia mmoja.